Kabla Hujaliuza Kabati la Bibi

Hotuba hii niliitoa hapa Unguja mbele ya mafundi seremala, akina mama wa mtaani na vijana wanaojifunza useremala. Wengi waliokosa kufika wameniomba maneno yenyewe, kwa hiyo nayaweka yote kama yalivyosemwa. Vile vitu nilivyokuwa nikivipitisha mkononi nimevieleza.

Assalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango, ahsanteni kwa kuja.

Naanza kwa swali, na naomba mnyooshe mikono. Nani nyumbani kwake kuna kitu cha mbao cha zamani kisichotumika? Kabati ambalo mlango wake haufungi. Kitanda kilichoegemezwa ukutani uani, kinapigwa na mvua. Meza iliyovunjika mguu. Kiti kilichokatika ukili. Naona karibu ukumbi mzima. Sasa ashushe mkono yule ambaye ameshaamua atakifanyia nini kitu hicho. Hebu tazameni wenyewe: mikono bado iko juu. Basi ishusheni, nimewaelewa.

Ndugu zangu, vitu hivyo mnavyoviona vimechoka ndani yake mna mbao ambayo leo ukienda sokoni na fedha mkononi hutaipata. Nasema tena: na fedha mkononi, hutaipata. Na nyumba zenu hizo hizo zina haja ya meza, ya rafu, ya benchi, ya kitanda cha mtoto. Haja iko chumbani, mbao iko uani, fundi yuko mtaa wa pili. Kwa nini vitatu hivi havikutani?

Hebu kwanza tuitazame mbao yenyewe. Nimekuja na vipande viwili, nawapa mpitishiane. Hiki kizito kimetoka kwenye ubavu wa kabati la mvule ambalo mwenyewe analikumbuka tangu utoto wake, na leo ana wajukuu. Kigongeni kwa kucha, msikilize. Hiki cha pili kimetoka kwenye kabati lililonunuliwa dukani likiwa linang'aa, likapita masika machache tu chumbani. Tazameni kingo zake zilivyovimba na kufumka. Sugueni kwa kidole. Unga unatoka, sivyo? Hiyo haikuwa mbao tangu mwanzo. Ni chembe na vumbi la mbao lililoshindiliwa na gundi, likavishwa karatasi yenye picha ya mbao. Unyevu wetu wa pwani ukiingia kwenye ukingo, basi. Na skrubu ya bawaba ikishang'oka, tundu lile halishiki tena. Utahamisha bawaba juu, utaihamisha chini, mwisho mlango unauegemeza ukutani.

Kwa nini mbao ya zamani ikadumu? Mvule, mninga, mkongo ni miti iliyokua polepole msituni. Wazee walipasua miti mikubwa iliyokomaa, wakachukua kiini chake, ile sehemu ya ndani yenye rangi nzito. Kiini hicho kina utomvu na mafuta yake ya asili ambayo mchwa hawayapendi. Mninga unahitaji zaidi ya nusu karne kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Nusu karne! Aliyeupanda hakuvuna yeye. Na msaji mwingi, yaani mtiki, ulio kwenye milango na samadari, vile vitanda vya nguzo, vya Mji Mkongwe ulivuka bahari kutoka Bara Hindi, ukaja na majahazi kwa upepo wa kaskazi.

Leo mbao nyingi tunazoletewa ni misonobari ya mashambani, kama ile ya Sao Hill kule Mufindi. Sina ugomvi na msonobari. Mimi mwenyewe naununua. Ni mbao nzuri ya kuezekea na ya vitu vyepesi. Msaji wa kupandwa tunao pia, kule Longuza wilayani Muheza, na Mtibwa. Lakini mti uliovunwa ungali mchanga hauwezi kuwa na kiini cha mzee wake. Fundi anayesema mbao ni mbao tu, mwombeni arande vipande hivi viwili mbele yenu, kisha aseme tena.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mbao hucheza. Masika hunywa unyevu ikatanuka, kaskazi hukauka ikasinyaa. Mbao mpya iliyokatwa juzi utaitengeneza meza leo, na mwakani imepinda au imepasuka. Mbao iliyokaa nyumbani mwako miaka arubaini au hamsini imeshacheza michezo yake mikubwa. Imetulia. Sisi mafundi tunaitafuta mbao ya namna hiyo kwa tochi, na nyinyi mnaichomea mikate!

Nawapa kisa. Kuna mama mmoja jirani wa jamaa zangu, alikuwa na kabati la milango mitatu, mvule mtupu. Mwanawe akawa anaoa, chumba kinatakiwa, kabati halipiti hata kwenye ukumbi wa nyumba mpya. Akaja dalali na gari. Akamwambia, "Mama, mimi nakusaidia tu kukutolea mzigo." Akampa fedha ya kununulia magunia machache ya makaa. Mama akashukuru. Baada ya muda, mwana yule yule aliyeoa akapata kazi hotelini. Siku moja amesimama mapokezi, akaitazama ile meza ndefu ya kupokelea wageni, akaona bawaba za mapambo ubavuni: mbili za chuma na moja ya shaba. Baba yake ndiye aliyezichanganya hivyo, kwa sababu ile moja ilivunjika na dukani hakuikuta mwenzake. Ilikuwa milango ya kabati lao, imelazwa, imesuguliwa, imepakwa vanishi, imekuwa meza. Akauliza nani ameifanya kazi hii. Akaambiwa ni fundi wa Ng'ambo, hapa hapa mjini.

Fikirini hapo kidogo. Mbao ilikuwa yetu. Fundi alikuwa wetu. Haja ya meza tulikuwa nayo, kwa sababu bibi harusi aliingia nyumba isiyo na meza, wakaenda kununua ile ya vumbi na gundi. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia yule mama, kabla gari halijafika, "Subiri kwanza tulifungue." Dalali simlaumu, ndiyo kazi yake, na hoteli haikumuibia mtu. Najilaumu mimi na mafundi wenzangu kwamba mtaani hatusemi.

Wala tusidhani kutupa ni tabia ya maskini au ya mjinga. Marekani, mwaka 2018 peke yake, fanicha na vyombo vya namna hiyo vilivyotupwa vilikuwa zaidi ya tani milioni 12 za Kimarekani, na karibu asilimia 80 vikafukiwa ardhini. Kwa nini hawakuvigeuza? Sababu ziko nyingi, lakini mojawapo mmeishika mkononi sasa hivi. Kabati la vumbi na gundi haligeuki kuwa kitu kingine. Ukilifungua halikupi ubao, linakupa taka. Kila tunapouza la mvule tukanunua lile, tunajifungia mlango wa kugeuza mara ya pili. Wajukuu wetu watafungua nini?

Sasa nasogea kwenye kazi yenyewe, na hapa nataka vijana msinzie baadaye. Neno langu kwenu ni hili: fungua, usivunje. Semeni nami. Fungua, usivunje.

Nimeona watu wanachukua mtalimbo na nyundo ya chuma, wanapiga kabati mpaka linaanguka, kisha wanakuja na mbao zilizopasuka vichwa wanasema, "Fundi, tugeuzie." Nigeuze nini? Uzuri wa kitu cha zamani ni kwamba kiliunganishwa na mtu aliyejua kuwa siku moja kitafunguliwa. Ubao una ulimi, mwenzake una tundu, na katikati umepita kijiti cha mbao kuvishika. Droo zake pembeni zina meno yaliyoshikana. Vingi vya vile vilivyofuata mtindo wa Kizungu vilitiwa gundi ya ngozi na mifupa, ambayo haipendi maji ya moto. Unachovya kitambaa, unakiweka juu ya kiungo, unasubiri. Unaongeza. Unasubiri tena. Kisha unachukua nyundo ya mbao, unaweka kipande cha mbao laini katikati usije ukaumiza uso, unagonga kidogo kidogo. Kiungo kinaachia. Kile kijiti kinasukumwa kutoka upande mwembamba, hakikatwi.

Kabla ya hapo, piga picha kila upande, simu zote mnazo. Andika namba kwa chaki: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, rafu ya kwanza, rafu ya pili. Misumari ing'oe yote kwa koleo, kisha pitisha sumaku juu ya ubao, kwa sababu msumari uliokatikia ndani ndiyo adui wa randa yako na wa jicho lako. Wanaofanya kazi na mbao za majahazi wanalijua hili vizuri zaidi. Kule Lamu na pwani ile yote, jahazi likichoka mafundi hulifungua, hutoa misumari mirefu, huosha chumvi, na mbao zile wanazitengenezea meza na vitanda, wakiacha rangi za zamani zionekane pale zilipobambuka zenyewe. Watu wanatoka mbali kuja kununua.

Niwape kisa cha pili, hiki ni kirefu kidogo, mnivumilie.

Mzee mmoja alifariki, Mungu amrehemu, akaacha warithi wanne, wawili wa kiume na wawili wa kike. Nyumba ilikuwa inauzwa. Ndani mna vitu vitatu vilivyowagombanisha: meza ndefu ya kulia ya mninga, kabati la vyombo lenye vioo, na samadari ya bibi yao. Hisabu za mirathi walikwishazifanya kwa kadhi, kila mmoja anaijua haki yake. Tatizo ni kwamba meza moja huwezi kumpa mtu nusu. Kaka mkubwa akasema viuzwe vyote, fedha igawiwe. Dada mdogo akasema, "Mimi nimekulia kwenye meza hii, nakataa isiende kwa mtu nisiyemjua." Wakanuniana. Nikaitwa nikiwa mthamini tu, niseme bei.

Niliwatajia bei, kisha nikawaomba ruhusa. Nikawaambia, "Niachieni vitu hivi niwaoneshe vilivyo ndani yake, kisha muamue." Meza ile ilikuwa na mbao tano pana na fremu nzito. Kwa mbao zile zilitoka meza mbili za kusomea watoto, na rafu ya ukutani juu yake. Kabati la vyombo, kama mengi ya aina ile, lilikuwa vipande viwili vilivyobebana: juu vioo, chini droo na milango. Nikavitenganisha. Cha juu kilikwenda kutundikwa jikoni kwa dada mkubwa, kimejaa vikombe mpaka leo. Cha chini kilipata miguu mipya mifupi kutoka kwenye fremu ya meza, kikawa cha kuwekea televisheni kwa kaka wa pili. Kila kipande kilipewa thamani yake, aliyezidishiwa akalipa tofauti, haki ya kila mtu ikakaa pale kadhi alipoiweka. Hakuna aliyekwenda mikono mitupu. Dada mdogo alichukua meza moja ya kusomea, na mwanawe anaiandikia.

Na samadari? Samadari nilikataa kuigusa.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu naogopa kuna atakayetoka humu na msumeno mkononi. Si kila kitu cha zamani ni cha kugeuzwa. Ile samadari ilikuwa na nguzo zilizokerezwa, vioo vilivyochorwa maua kwa nyuma, na fremu ya besera, lile pazia la juu ya kitanda. Ukiikata unapata mbao kidogo sana, na unapoteza kazi ya fundi ambayo leo sijui nani atairudia. Kaka mkubwa alitaka nguzo zile ziwe miguu ya meza. Nikamwambia, "Tafuta fundi mwingine." Mwisho shangazi yao wa Pemba alikuwa na chumba kirefu cha dari ya boriti, kitanda kikaenda huko kizima, kwa makubaliano ya familia. Kwenye fleti kisingeingia, dari ni fupi.

Basi shikeni kipimo hiki. Ikiwa thamani ya kitu imo kwenye mbao yake, kigeuze. Ikiwa imo kwenye nakshi, kwenye ukerezaji, kwenye misumari ya shaba iliyopangwa kwa mkono, kitengeneze kibaki kilivyo. Makasha ya harusi yasikatwe. Viti vya enzi visikatwe. Milango ya nakshi isilazwe ikawa meza ya kahawa, hata kama mnunuzi amekuja na dola. Mji Mkongwe umeingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Urithi gani utabaki ikiwa kuta zimesimama na kila kilichokuwa ndani kimekatwa? Ninapoiona milango ile imewekewa kioo juu na vikombe vya kahawa, moyo unaniuma, nawaambieni kweli.

Nikija kwenye jambo la tatu, naomba akina mama mnisikilize zaidi, kwa sababu nyinyi ndio mnaoijua nyumba. Anzeni na haja ya nyumba. Msianze na picha ya kwenye simu.

Watu wanakuja karakana na picha. "Fundi, nataka kitanda cha mtoto kiwe bembea kama hii." Namuuliza, una pa kuitundika? Hana. Una mtoto wa kubembea? Wote wako skuli ya sekondari. Namuuliza tena, nyumba yako inakosa nini? Ananyamaza, kisha anasema, "Viatu vinazagaa mlangoni, na baba akija hana pa kukaa kuvivua." Haya! Hilo ndilo swali. Kitanda kile kikawa benchi la mlangoni. Ubao wa kichwani ukawa mgongo wa kuegemea, ubao wa miguuni nikaukata katikati ukawa mikono miwili, na chini ya kalio pakawa na nafasi ya viatu. Kazi ya namna hii haitaki fundi bingwa. Inataka mtu aliyeuliza swali sahihi.

Kuna binti mmoja, kidato cha tatu wakati ule, alikuwa akisoma sakafuni jikoni, taa iko nyuma yake, anaandika kwenye kivuli chake mwenyewe. Mama yake anasema hawana fedha ya meza. Na pembeni kuna nini? Cherehani ya miguu ya marehemu bibi yake, Singer, mashine imekufa siku nyingi, imewekewa ndoo za maji. Ile miguu ya chuma cha kusubu haifi. Tukaifungua mashine, tukaondoa mkanda na gurudumu, kanyagio tukalifunga lisicheze na kumbana vidole. Juu tukaweka mlango wa kabati lililoliwa na mchwa chini lakini milango yake ikapona. Tulinunua skrubu, msasa na kopo dogo la vanishi, basi. Meza ile ni nzito, haitikisiki, na wala haitaki kupakwa rangi ya kuficha asili yake.

Na yale makabati makubwa ya sebuleni, yenye shimo kubwa katikati lililotengenezwa kwa ajili ya televisheni za chogo? Nani analo? Wengi! Televisheni sasa ni bapa, imetundikwa ukutani, na shimo lile limebaki limejaa mifuko ya plastiki. Lile shimo lina kina cha kutosha kabisa kuwa meza ya kusomea ya mtoto: unaongeza ubao unaovutika kama droo, unatoboa tundu la waya wa taa nyuma, na vile vyumba vya pembeni vinakuwa vya vitabu. Au lipelekwe jikoni liwe ghala la unga na mchele. Sikumbuki kabati la aina hii lililonishinda, isipokuwa yale ya vumbi na gundi.

Hata kwa wenzetu walioendelea, waliofikiri vizuri walianza na kile kilichokuwapo. Mwaka 1991 Mholanzi mmoja aitwaye Tejo Remy alikusanya droo za zamani, kila moja na ukubwa wake na rangi yake, akaitengenezea kila moja kisanduku chake kipya, akazipanga kwa fujo, akazifunga zote kwa mkanda mmoja. Kazi ile ipo leo kwenye jumba la makumbusho la sanaa za kisasa New York. Mimi kwenye nyumba yenye watoto nisingeziacha kwenye mkanda, ningezishika kwa skrubu ukutani. Lakini alichokiona ni sahihi kabisa: droo ikipona, usiitupe kwa sababu kabati lake limekufa. Ipe nyumba nyingine.

Mambo ya usalama nitayasema haraka, lakini yaandikeni.

Rangi za mafuta za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi. Ukizisugua kwa msasa mkavu unatengeneza vumbi la sumu, na sumu hiyo huharibu ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kitu chenye rangi kuukuu kisisuguliwe ndani ya nyumba wala mbele ya watoto. Lowesha maji, sugua kikiwa chepechepe, funga pua na mdomo, kusanya uchafu wote uutupe mbali, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Hata mvule mtupu usio na rangi, vumbi lake huwasha pua na ngozi. Funika uso.

Matundu madogo mviringo kwenye mbao ni ya wadudu. Weka kitu juu ya karatasi nyeusi usiku kucha. Asubuhi ukikuta unga mpya, wadudu wangali hai. Usikiingize ndani mpaka kimetiwa dawa. Ukikuta karatasi safi kwa siku kadhaa, huenda ni matundu ya zamani, endelea na kazi.

Mapaleti kutoka bandarini Malindi, nayo nimeulizwa sana. Tafuta mhuri uliochomwa ubavuni, wenye alama ya shuke la ngano. Ukiona herufi HT, mbao ilipashwa moto mpaka ndani ikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, hiyo itumie. Ukiona MB, ilifukizwa dawa ya methili bromaidi, iache. Isiyo na mhuri wowote, au iliyomwagikiwa kitu usichokijua, usiitengenezee kitanda wala meza ya kulia.

Na wanaopaka mafuta ya kitani: tambara lililolowa mafuta yale usilifinyange ukalitupa pembeni. Hupata joto lenyewe, na linaweza kuwaka bila kiberiti. Litandaze nje likauke, au litumbukize kwenye maji. Hili nalirudia kwa vijana: tandaza, usifinyange. Karakana inaweza kuteketea usiku, wenyewe mmelala.

Nimalizie kwa jambo ambalo mafundi wenzangu wataona nimelichelewesha. Ujira.

Mtu analeta kabati la zamani, anasema, "Fundi, mbao ni yangu, kwa hiyo nifanyie rahisi." Mama zangu, kitu kipya mimi napima, nakata, naunga. Kitu cha zamani nafungua kwanza, nang'oa misumari, nasugua, nachagua kipande gani kizima na kipi kibovu, kisha ndipo nipime. Kazi ni kubwa zaidi. Mkichukua gharama ya mbao mliyookoa mkaiweka kando, mtaona bado mmefaidi sana hata mkimlipa fundi jasho lake lote. Mlipeni. Fundi asiyelipwa kwa kufungua, kesho atavunja.

Nanyi mafundi, nawaambieni mbele ya watu. Vipande vilivyobaki ni vya mwenye kabati. Ubao wa mvule wa urefu wa mkono si taka ya kuiweka kona ya karakana ukauuza baadaye. Mrudishie, au mwambie, "Mama, hiki nitakitumia, nakupunguzia bei." Ukificha, yule mama atamwambia jirani yake, na jirani yake atamwita dalali. Na wasichana wanaotaka kujifunza wapokeeni. Mimi ninao wawili karakana, na kwa kufuma ukili na kuvika viti vitambaa upya hakuna mvulana wangu anayewafikia.

Kuanzia Jumamosi hii, baada ya sala ya alasiri, nitakuwa nakaa nje ya karakana yangu kwa ajili ya kutazama tu. Leteni picha, leteni mguu wa meza, leteni droo moja. Nitakwambia ni mbao gani, ina wadudu au haina, na inaweza kuwa nini. Kutazama ni bure. Mwenye kitu kizito kisichobebeka aniachie jina la mtaa, nitamtuma kijana. Na aliyekwishapatana na dalali wiki hii, tafadhali sana, ampigie simu usiku huu amwambie asubiri kwanza.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Sasa maswali, na nianze na yule mama wa mtandio wa kijani, aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja wadudu.